Uliza Injinia: Mataa, kamera, kipilefti na matuta

Wasomaji wangu habari za siku. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya watu kugongwa kwenye vivuko, nikasema mwenye swali aniandikie, basi barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea na nyingine zimenikaa moyoni kwa sababu walioandika wamepoteza watu wao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua kuliko hicho. Kwahiyo safari hii ukurasa wote ni barabara. Nimechukua barua tano, nimezifupisha, majina nimeyaacha pembeni.

Habari za kazi Injinia. Mimi ni mama wa watoto wawili wa shule ya msingi, wanavuka barabara kubwa yenye mataa kila asubuhi. Yule mtu wa kijani akiwaka, hawajafika hata katikati anaanza kuwaka na kuzima, na kibaya zaidi kuna magari yanakata kona yanawajia na yenyewe yana kijani. Hapo nani mwenye haki? Na ile batani ya kubonyeza inafanya kazi kweli au imewekwa tu?

Nzuri dada yangu. Nianze na batani maana hiyo ni nyepesi. Inategemea mataa yamepangwaje. Kuna mataa ambayo usipobonyeza mtu wa kijani hawaki kabisa, na kuna mengine, hasa makutano yenye magari muda wote, mzunguko umeshapangwa na batani mchana haibadilishi kitu, inaanza kusikilizwa usiku magari yakipungua. Wewe kwa nje huwezi kujua ni yapi, kwahiyo wafundishe wabonyeze kila siku, mara moja tu inatosha, kubonyeza mara kumi hakuharakishi.

Kuwaka na kuzima maana yake sio kurudi mbio. Maana yake ambaye hajaanza asianze, aliyeanza amalize. Hili waambie watoto leo leo, kwa sababu mtoto anayeshtuka katikati na kugeuka nyuma ndo anagongwa, dereva alikuwa anategemea aendelee mbele.

Sasa kwenye muda ndo penye shida. Anayepanga mataa anachukua upana wa barabara anagawanya kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kwa miaka mingi mwendo uliotumika sehemu nyingi ni mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inakupa sekunde kama 12. Mimi na wewe tunavuka vizuri tu. Lakini nimeshasimama kwenye kivuko cha namna hiyo na simu mkononi napima, akatoka bibi mmoja na mkongojo, alikanyaga lami sekunde ile ile kijani kilipowaka, hakuchelewa hata kidogo, na magari yalipoachiwa alikuwa bado ana hatua tano au sita kufika ng'ambo, mkono ameuinua juu kuwaomba wamsubiri. Alitumia sekunde 19. Hakukosea popote. Aliyekosea ni aliyepiga hesabu akamsahau yeye, na mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi kubwa mgongoni naye wanamsahau hivyo hivyo.

Hilo linarekebishika. Unaongeza sekunde, au unajenga kisiwa katikati ili mtu avuke nusu, apumzike, avuke nusu nyingine. Uingereza wana vivuko wanavyoviita Puffin, juu ya nguzo kuna kitambuzi kinachomuangalia anayevuka, kikiona bado yuko barabarani kinaendelea kuyazuia magari mpaka afike.

Na wale wanaokata kona: sheria za nchi nyingi zinampa haki anayevuka, dereva anayekata kona ndo anatakiwa asimame. Ila haki haizuii bampa. Dawa yake ni kumtanguliza mtu wa kijani sekunde 3 mpaka 7 kabla ya magari ya upande huo kupata kijani, yani dereva akiruhusiwa kuondoka watoto wako tayari wapo katikati ya kivuko mbele ya macho yake, sio wanashuka kwenye ukingo akiwa anaangalia upande mwingine. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani inahesabu kwamba mpango huu unapunguza ajali za magari na waenda kwa miguu kwenye makutano kwa asilimia 13, na hauhitaji kuchimba wala kujenga, fundi anafungua lile kabati la chuma pembeni ya makutano anabadilisha programu. Uongozi wa shule uandike barua uombe hicho kitu kwa jina lake, kwamba kijani cha waenda kwa miguu kitangulie. Ukiandika "tunaomba usalama" barua yako itakaa kwenye faili, ukiandika sekunde ngapi unazitaka na wapi, mtu anaweza kuzitoa.

Injinia, mimi ni mzee nimeendesha zaidi ya miaka 30. Penye kipilefti wameking'oa wakaweka mataa ya kisasa yanayohesabu sekunde, wanasema ni maendeleo. Mbona naona ajali za sasa ni chache labda, lakini zikitokea watu wanakufa? Zamani ilikuwa ni kukwaruzana tu.

Shikamoo mzee wangu. Macho yako yameona vizuri, na sababu yake inapimika.

Chukua makutano ya kawaida ya njia nne. Ukichora kwenye karatasi mistari yote ambayo magari yanaweza kupita, halafu ukahesabu pale mistari inapokatana, inapoungana na inapoachana, unapata sehemu 32 ambapo gari linaweza kukutana na gari. Chora kipilefti cha leni moja (najua wengine mnakiita raundabauti, ni kile kile) ukahesabu tena, unapata 8. Na katika hizo 8 hakuna hata moja ya gari kuingia ubavuni mwa lingine kwa pembe mraba, wala ya kugongana uso kwa uso. Zote ni za kuungana na kuachana, magari yanaelekea upande mmoja.

Halafu ongeza spidi. Kwenye mataa, anayekuja akaona kijani anapita na spidi yake yote, ndo lengo la kijani hilo. Siku mmoja akipitiliza nyekundu anamkuta mwenzake na spidi kamili, mlangoni, mahali ambapo kati ya mtu na gari linalokuja kuna bati na kioo tu. Kipilefti hata uwe mlevi huwezi kukipita na 80 bila kupanda juu ya maua, kona yenyewe inakushusha mpaka 30 au 40. Wakikosea wote wawili watavunja taa, watagombana, watapigiana simu za bima, jioni kila mtu yuko kwake. Marekani makutano yaliyobadilishwa kutoka mataa au alama za kusimama kuwa kipilefti, tafiti zilikuta ajali za majeruhi zimepungua kwa asilimia 72 mpaka 80, na ajali zote kwa jumla kwa asilimia 35 mpaka 47. Angalia tofauti ya hizo namba mzee wangu, kilichopungua zaidi ni maumivu, ndo kile kile ulichokiona wewe. Mji wa Carmel kule Indiana, Marekani, umeshajenga vipilefti zaidi ya 140.

Ila nisikudanganye kwamba kipilefti ni dawa ya kila kitu. Kikiwa na leni mbili au tatu faida inapungua, watu wanakatana wakati wa kutoka. Upande mmoja ukiwa na magari mengi sana wale wa upande mwingine hawaingii kabisa. Asiyeona anayevuka kwa kusikiliza anapata tabu, kwa sababu magari hayasimami kwa pamoja akajua sasa zamu yangu. Na kipilefti bila sheria inayoeleweka ni vurugu, Uingereza walikaa navyo miaka mingi vikiziba, mpaka mwaka 1966 walipoweka kanuni kwamba anayeingia ampishe aliye ndani, hapo ndo vikaanza kufanya kazi kama tunavyovijua.

Zile sekunde zinazohesabiwa kurudi nyuma sizipendi kwa madereva. Kwa waenda kwa miguu ni nzuri, anajua ana sekunde ngapi. Dereva akiona 3, 2, 1 kwenye kijani anakanyaga mafuta awahi, na yule wa nyekundu akiona 3, 2, 1 anaanza kujisogeza, na hao wawili ndo wanaokutana katikati.

Injinia, hizi kamera za spidi na za taa nyekundu ni biashara tu, zinatufilisi madereva, hazina lolote la usalama. Mtu anaendesha barabara nzuri nyeupe asubuhi hakuna gari, 65 kwenye 50, amemkosea nani? Nijibu kwa ukweli usinijibu kisiasa.

Nakujibu ndugu yangu, na sehemu moja nitakuunga mkono.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtoto anachomoka kati ya magari yaliyopaki, mita 13 na nusu mbele yako. Dereva mzuri macho yako barabarani anatumia kama sekunde moja mpaka mguu wake ufike kwenye breki. Anayekwenda 30 kwa saa, ndani ya hiyo sekunde ameenda mita 8, anafunga breki kwenye lami kavu, mita 5 zingine, amesimama, mtoto anamwangalia. Anayekwenda 50, ndani ya hiyo sekunde moja ameshaenda karibu mita 14. Yani pale mwenzake aliposimama yeye hajaanza hata kupunguza, anamgonga mtoto na 50 yake kamili. Na kutoka 50 kwenda 65 unayoniuliza, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtu anayetembea kufa akigongwa na mbele ya gari inazidi mara 4 na nusu. Hiyo ndo 15 uliyoiongeza. Hao unaowakosea huwaoni kwa sababu siku nyingi hawachomoki.

Shirika hilo hilo linasema spidi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali za vifo inapanda kwa asilimia 4. Na unachopata wewe? Safari ya kilomita 10 ukiikimbia kwa 110 badala ya 100 unaokoa kama nusu dakika, ambayo taa nyekundu moja inaimeza yote.

Kamera yenyewe ina historia ambayo dereva anayependa mwendo anapaswa kuijua. Maurice Gatsonides, Mholanzi, alikuwa dereva wa mashindano, alishinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Kifaa chake cha kupima spidi alikitengeneza apime anavyoingia kona ili aongeze mwendo. Baadaye ndo kikawa kamera ya barabarani inayoitwa kwa jina lake, Gatso.

Sasa penye ukweli wako. Kamera moja ya nguzo watu wanaijua, wanafunga breki mita mia kabla, wakiipita wanakanyaga, na hapo umehamisha hatari tu umeipeleka mbele. Ndo maana kamera za wastani ni bora, moja inasoma namba yako mwanzo wa kipande, nyingine mwisho, kompyuta inagawanya umbali kwa muda, huwezi kuidanganya kwa breki. Na za taa nyekundu ziangaliwe kwa makini. Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2005 ulikuta ajali za ubavuni zimeshuka kwa asilimia 24.6 lakini za kugongwa nyuma zimepanda kwa asilimia 14.9, kwa sababu watu wanafunga breki ghafla kuogopa picha. Bado ni faida, kwa kuwa za ubavuni ndo zinazoua, ila faida hiyo inaliwa pale taa ya njano inapokuwa fupi. Njano ina hesabu yake, inafuata spidi ya barabara, sehemu nyingi ni kati ya sekunde 3 na 6, na baada yake lazima kuwe na sekunde moja au mbili ambapo pande zote ni nyekundu ili aliyebaki katikati atoke. Anayeweka kamera halafu akafupisha njano huyo anatafuta hela, na wewe una haki ya kulalamika mpaka mwisho. Pima kwa video ya simu, hesabu sekunde za njano, peleka malalamiko na video.

Injinia shikamoo. Naendesha pikipiki, kuna mataa usiku nikisimama peke yangu hayabadiliki kabisa mpaka lije gari nyuma yangu. Huwa nachoka napita na nyekundu. Yana ubaguzi?

Marahaba mwanangu. Hayakuoni. Mataa mengi chini ya lami yana waya uliozungushwa kama pete kubwa, unapita umeme mdogo, chuma kikija juu yake umeme ule unabadilika na kompyuta inajua kuna gari. Pikipiki ina chuma kidogo, ukisimama katikati ya pete huenda isisikike. Tafuta ile michirizi iliyokatwa kwenye lami ikazibwa kwa lami nyeusi zaidi, simamisha tairi zote mbili juu ya mstari wenyewe wa pembeni, sio katikati, hapo ndo penye nguvu. Ikishindikana toa taarifa, fundi anaweza kuongeza usikivu wake au wakafunga kamera au rada juu ya nguzo. Kupita na nyekundu acha kabisa. Usiku ndo mwenzako mwenye kijani anakuja na mwendo wote, na wewe ndo huna bati.

Injinia, barabara inayopita katikati ya makazi yetu imepanuliwa, imenyooka, lami nzuri, alama za 50 zipo, lakini magari yanapita 90 na tumeshazika watu wanne tangu ifunguliwe. Tumeomba mataa, tunaambiwa bajeti hakuna. Tufanyeje?

Poleni sana ndugu zangu. Barua yenu nimeisoma mara tatu.

Msing'ang'anie mataa. Mataa kwenye barabara iliyonyooka yenye mwendo mkali yanaweza hata kuongeza ajali za nyuma, na umeme ukikatika mmebaki bila kitu. Tatizo lenu ni kwamba kibao kinasema 50 na barabara yenyewe inasema 100, na dereva anaisikiliza barabara. Leni pana, kona hakuna, miti imekatwa, unaona kilomita moja mbele, mguu unashuka wenyewe hata kwa mtu mwenye nia njema. Kwahiyo barabara ndo ibadilishwe iongee lugha nyingine.

Mwanzo wa makazi wajenge lango, yani leni zinabanwa, kunakuwa na kisiwa katikati kinachomlazimisha dereva apinde kidogo, hapo ndo anaelewa ameingia mahali pa watu. Kivuko kiinuliwe kiwe tuta bapa, mtu avuke juu yake, gari lipande. Matuta yawe ya vipimo, marefu na ya mviringo, yenye alama na rangi inayoonekana mapema, sio lile fungu la lami lenye ncha lililomwagwa usiku na wananchi wenye hasira, hilo linaangusha pikipiki. Najua hasira hiyo inatoka wapi, lakini nawaomba msimwage. Kando ya barabara watu wapate pa kutembea. Na usiku, vile vioo vidogo vinavyong'aa kwenye mstari havihitaji umeme, Mwingereza Percy Shaw alivitengeneza mwaka 1934 akavipa jina macho ya paka, tairi likikanyaga ile raba inazama na kufuta vioo vyake yenyewe.

Hii sio ndoto yangu. Bunge la Sweden mwaka 1997 lilipitisha kwamba kifo barabarani hakikubaliki, na mhandisi ajenge akijua watu watakosea. Barabara zao za mashambani za uso kwa uso wakaweka kamba za chuma katikati, leni mbili huku moja kule zikibadilishana, vifo kwenye barabara hizo vikashuka kwa kama robo tatu. Helsinki, mji mkuu mzima wa Finland, kuanzia Julai 2024 mpaka Julai 2025 hakufa mtu hata mmoja kwa ajali ya barabarani, na zaidi ya nusu ya mitaa yake ni kilomita 30 kwa saa.

Ila mkienda ofisini msiende na kilio peke yake. Pimeni mita 50 kwa utepe kando ya barabara, wekeni alama mwanzo na mwisho, mtu mmoja akae mbali salama na saa ya simu, apime kila gari linatumia sekunde ngapi. Sekunde 6 ni 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni 50, sekunde 3 ni 60, sekunde 2 ni 90. Pimeni magari mia moja, saa za shule na saa za jioni, andikeni yote hata yaliyokwenda taratibu. Chini ya karatasi hiyo andikeni tarehe nne mlizozika na mahali kila mmoja alipogongwa, halafu ombeni lango na tuta bapa la kivuko kimoja kwanza, pale palipochukua wengi. Nakala moja nitumieni mimi.